Jiwe la Gurudumu la Mbele

Mwezi uliopita nilimshika mkwe wangu miguu yote miwili nikamburuta kutoka chini ya gari lake kama gunia la viazi. Ninyi mnaojua desturi zetu mmeshashtuka, na mna haki. Huku kwetu mama mkwe hata mkono humpa mkwewe kwa tahadhari, sembuse kumkamata vifundo vya miguu mbele ya watoto. Kiatu kimoja kilibaki mkononi mwangu. Mwenyewe alikuwa amelala chali kwenye nyasi, shati limepanda hadi kifuani, ananitazama kama mtu aliyeona mzimu.

"Mami, kwani nimefanya nini?" aliniuliza.

Jina lake ni Muriithi, mtu wa Kerugoya, mpole, ndiye aliyemwoa binti yangu wa kwanza. Asubuhi ile tulikuwa tumeenda sote kumwona mama yangu huko Mweiga, na njiani bomba la moshi la gari lilikuwa likigongagonga. Tulipofika tu alitoa jeki, akainua gari upande wa nyuma palepale kwenye nyasi zenye umande, uwanja ukiteremka kidogo kuelekea jikoni. Hakuweka jiwe. Hakuweka gogo. Alijitupa chini akiwa ameuma simu kwa meno ili immulikie. Mimi nilikuwa natoa mboga kwenye kikapu mbele ya mlango, nikasikia ile harufu ya oili nzito iliyokaa sana, ikichanganyika na udongo mbichi. Ninachokumbuka baada ya hapo ni sauti yangu mwenyewe ikipiga kelele, kisha kiatu mkononi.

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, akichambua maharagwe. Watu wote walishangaa isipokuwa yeye. Alinitazama kwa muda, akarudisha macho kwenye ungo wake.

Utamweleza nini mtu ambaye hajawahi kusikia gari likianguka?

Baba yangu alikuwa na pikapu ya kijivu iliyozeeka kabla hata hajainunua. Zamani alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mwenye ng'ombe wengi, na Mzungu huyo alipofunga mizigo akarudi kwao, baba alibaki na shamba dogo hapohapo Mweiga, pikapu, na tabia ya kufanya kila jambo polepole. Alikuwa akipeleka maziwa na viazi vya majirani mjini Nyeri. Watu walimwita Mzee Pole, naye hakuchukia jina hilo. Nadhani alilipenda.

Kila gari lilipotaka kukaguliwa, baba aliliinua hapo hapo nyumbani, na ilikuwa kama ibada. Kwanza alitafuta pahali tambarare karibu na ghala. Akazima injini, akatia gia, akavuta breki ya mkono. Kisha akaleta mawe mawili makubwa, akayasukuma mbele ya magurudumu ya mbele, akayapiga kisigino mpaka yakabana. Aliweka ubao chini ya jeki, maana udongo wetu mwekundu mvua ikinyesha humeza hata mguu wa ng'ombe. Akainua kidogo, akashuka kutazama, akainua tena. Magogo mawili ya mti yakaingia chini ya ekseli. Mwisho alilaza gurudumu la akiba chini ya ubavu wa gari, karibu na pale atakapolala yeye. Na baada ya yote hayo bado hakuingia. Alisimama kando, akaisukuma pikapu kwa nyonga mara mbili tatu.

"Ikitaka kuanguka," alisema, "afadhali ianguke nikiwa nimesimama."

Majirani waliokuwa wakisubiri viazi vyao walimcheka. Mmoja alimwuliza kama gari nalo linahitaji kufungwa kamba kama ndama. Baba alinyoosha kidole kuelekea jikoni. "Hata mama ya Wairimu hawezi weka sufuria kwa jiwe moja. Hii jeki ni jiwe moja tu."

Wairimu ndimi. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa kike, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mamake baba. Kwa hiyo mzee yule hakuwahi kunichapa, maana ni nani anayemchapa mama yake? Wadogo zangu walikula viboko vyao na vyangu. Lakini kwenye gari sikuruhusiwa kukaribia. Kazi yangu ilikuwa jikoni, na mambo ya pikapu niliyatazama kutoka mlangoni, nikijieleza mwenyewe kila nilichokiona.

Na maelezo yangu, jamani! Niliamini kabisa kwamba gurudumu la akiba lilikuwa mto wa baba wa kulalia, kwa sababu mara nyingi niliona kichwa chake kiko karibu nalo. Magogo nilidhani ni ya kumzuia asinyeshewe. Kuhusu mawe nilikuwa na hakika zaidi. Nilimsikia mwenyewe akitaja mawe na sufuria kwa pumzi moja, nikaona ni mawe ya aina moja, yanatoka mto mmoja, na mtu anayatumia panapohitajika. Gari lenyewe nililiona kama ng'ombe. Likinguruma liko macho, laweza kwenda popote. Likizimwa limelala. Sikuwahi kuona kitu kilicholala kikitembea.

Siku ninayoisema ilikuwa siku ya ngwatio kwetu. Wenzangu mnaikumbuka: wanawake wa kijiji hukusanyika wakalima au kuvuna shamba la mmoja wao, leo kwako kesho kwangu, na mwenye shamba kazi yake ni kuhakikisha wanakula wakashiba. Wanawake kama ishirini walikuwa wameingia kwenye viazi vyetu tangu umande haujakauka. Tuliwasikia wakiimba kule chini, na sauti ya Cucu Nyaguthii ikipanda juu ya zote. Huyo alikuwa bibi kizee mwembamba mwenye sauti ya mwanamume, ndiye aliyewaongoza.

Pahali pa tambarare karibu na ghala palikuwa pamejaa magunia ya viazi. Baba alikuwa na safari ya mjini alasiri ile, na oili ya nyuma ya pikapu ilitaka kubadilishwa. Akalitazama ghala, akatazama uwanja, akakuna kichwa, kisha akaegesha hapo karibu na jikoni, mteremko kidogo. Nilimwona akiyapiga yale mawe kisigino mara nyingi kuliko kawaida. Hilo nimelikumbuka miaka yote.

Mama alikuwa ameinjika githeri, mahindi na maharagwe, nje kwenye sufuria kubwa ya kuazima, ile ambayo mtoto angeweza kuoga ndani. Mafiga yalikuwa matatu, mawili ya zamani, la tatu limeokotwa mtoni asubuhi ileile. Jiwe la mto lenye maji ndani halipendi moto. Lilipasuka kwa mlio wa bunduki, vipande vikaruka, na sufuria ikainama upande wangu na maji yake yanayochemka.

Mama aliidaka masikio yake yote mawili kwa kanga. Sijui aliwezaje. Alikuwa amepiga goti moja, mvuke unampiga usoni, analia na kuita kwa wakati mmoja.

"Wairimu! Jiwe! Leta jiwe, haraka!"

Niligeuka. Jiwe lilikuwa pale, hatua kumi hivi, zuri, kavu, la kimo kile kile, limekaa mbele ya gurudumu bila kazi. Gari limezimwa, nilijiambia, litaenda wapi? Buti za baba zilionekana chini kwa nyuma, na alikuwa akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Nilivuta jiwe kwa mikono miwili. Lilikuwa limebana kweli, nikalitikisa kama jino mpaka likatoka. Upande mmoja lilikuwa na oili, likanipaka kwenye gauni.

Nilitazama gari. Halikutikisika. Basi, si nilijua?

Nikalibeba tumboni hadi motoni. "Weka hapa," mama alisema, akionyesha kwa kidevu, na mimi nikalisukuma kwa kijiti mpaka likaingia chini. Sufuria ikakaa. Mama akaachia, akapuliza vidole vyake, akanishika kichwa. Nilijisikia mtu mkubwa. Ninasema hivi kwa aibu: katika utoto wangu wote sikuwahi kujivuna kama dakika ile moja.

Kisha mluzi ukakatika. Baba alikuwa akivuta spana iliyokataa, nikasikia akiguna, halafu jiwe lililobaki likateleza kwenye nyasi kwa sauti ndogo kama ya mtu anayesugua miguu mlangoni. Pikapu ikaanza kutembea. Ilikuwa imezimwa, hakuna mtu ndani, na ilitembea. Ilikwenda hatua moja tu, lakini mbele ya macho yangu kitu kilichokufa kilikuwa kimeamka. Magogo yakaanguka. Gari likashuka kwa kishindo nilichokisikia kwenye meno.

Siku hizi najua sababu yake, na nitawaambia ninyi wenye magari. Breki ya mkono ya pikapu ile ilishika magurudumu ya nyuma. Gia nayo huzuia ya nyuma. Ukiyainua hewani, umeinua breki yako pamoja nayo, na gari zima sasa linashikwa na mawe ya mbele peke yake. Baba alijua. Ndiyo maana aliyapiga kisigino. Mimi nilikuwa naliona gari likiwa limelala.

Kimya kilichofuata simtakii mtu yeyote. Kuku walinyamaza. Mama alisimama mdomo wazi, mkono umenyooka kuelekea pikapu. Mimi nilitazama zile buti. Hazikusogea.

Ndipo mama akapata sauti. Sikuwahi kusikia mlio ule kabla, na nilipousikia mara ya pili, mwezi uliopita, ulikuwa ukitoka kwangu.

Wanawake walipanda kutoka shambani kwa mbio, mikono imejaa udongo, wengine na majembe. Cucu Nyaguthii alipiga magoti, akachungulia, akainuka. "Ako hai. Anapumua. Wacheni kulia, shikeni!" Kijana mmoja aliyekuja kwa ajili ya viazi alianza kutafuta jeki kwenye nyasi. Bibi yule alimsukuma kando. "Jeki ya nini? Hii mikono ni ya nini?"

Wakaizunguka pikapu. Wanawake waliobeba kuni kwa kamba ya kichwani tangu wakiwa wasichana, mgongo umezoea kilo za watu wawili. Wakashika bampa, wakashika pande za sehemu ya mizigo, wakashika popote chuma kilipotokeza. Cucu Nyaguthii akaanzisha ule wimbo wao wa shambani, mstari mmoja tu, na waliposhusha sauti ya mwisho waliinua. Nyuma nzima ya pikapu ikapanda. Niliona magurudumu yakining'inia. Mama aliingia kwa magoti akamvuta baba kwa kwapa, na wale wanawake walikaa wamelishikilia gari, mishipa imewatoka shingoni, hadi walipoona miguu yake yote iko nje. Hapo ndipo waliliachia.

Gurudumu la akiba lilikuwa limebeba ubavu wa gari. Lile gurudumu nililoliita mto. Kati ya chuma na kifua cha baba palikuwa na nafasi ya upana wa kiganja changu, na katika nafasi hiyo alikuwa amelala, amegeuza uso, anavuta pumzi fupi fupi. Mkono wa kushoto tu ndio haukuwa na nafasi. Kiwiko kilikuwa kimeelekea upande ambao kiwiko hakielekei.

Walimlaza kwenye gunia. Rangi yake ilikuwa ya majivu. Cucu Nyaguthii alimpangusa uso kwa leso yake, akamwuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo. "Baba Wairimu, imekuwaje? Wewe? Wewe mwenye kufunga gari kama ndama?"

Baba aligeuza kichwa. Mafiga yalikuwa hatua chache kutoka pale alipolala. Nilikuwa nimesimama karibu nayo, gauni langu na lile doa, na nyuma yangu githeri ikitokota kwa furaha kama siku nyingine yoyote. Aliangalia upande wetu kwa muda. Nilisubiri. Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyosubiri mdomo ule ufunguke.

"Nilisahau jiwe," alisema. "Jiwe moja. Nilisahau."

Lori la viazi lililokuwa likipita njiani lilimpeleka hospitalini Nyeri. Wanawake walirudi shambani wakamaliza, kwa sababu ngwatio haiachwi nusu, kisha wakaja wakala kimyakimya, na mama akawapakulia. Mimi niliambiwa nile, nikashindwa. Nilikuwa nimepigwa na butwaa la aina mbili. La kwanza ni lile la gari. La pili lilikuwa kubwa zaidi: baba alisema alisahau, na baba hasemi uongo. Basi labda kweli alisahau. Labda lile nililolibeba lilikuwa jiwe jingine, limewekwa hapo bure. Kwa siku nyingi niliishi ndani ya hilo labda, nalo lilinitosha. Mtoto akiogopa huamini lolote lenye mlango wa kutokea.

Mkono wa baba haukunyooka tena. Aliendelea kuendesha, usukani na gia vyote mkono wa kulia, wa kushoto umekunjwa pajani. Lakini jina lilibadilika. Yule Mzee Pole alikufa siku ile. Watu wakaanza kumwita Nilisahau, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea, hata watoto wadogo wasiojua chanzo. "Nilisahau amepita?" wangeuliza njiani wakingoja maziwa yapelekwe. Wengine walianza kupeleka viazi vyao kwa dereva mwingine, mtu aliyeendesha kama amekimbizwa na nyuki, wakisema angalau yule hasahau. Baba alisikia yote. Alitabasamu, akaendelea kupiga mawe kisigino.

Nilipokua nikaanza kujua kwamba hakuna jiwe jingine. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia. Niliolewa, nikazaa, nikampa mwanangu jina lake, bado sijamwambia. Tulipomzika, mtu mmoja alisimama kutoa salamu akasema kwa mapenzi, marehemu wetu Nilisahau, na waombolezaji wakacheka kidogo kama watu wanavyocheka msibani. Mimi nilitazama udongo.

Basi mwezi uliopita, nikiwa na kiatu cha mkwe wangu mkononi, nilimwendea mama kwenye kigoda chake. Nilipiga magoti mbele ya ungo. Sikujua nitasema nini mpaka nilipojisikia nikisema.

"Mama, ile jiwe nilitoa mimi."

"Ya gari?" Hakuinua macho. Alitupa haragwe bovu kando. "Najua."

"Unajua?"

"Wairimu, ilikuwa na oili. Mimi niko na pua. Uliileta nikaiona, nikajua ni ya baba yako." Vidole vyake vilisimama. "Nikajiambia, gari imezimwa, itaenda wapi? Githeri ikiiva nitamrudishia."

Maneno yaleyale. Mwanamke mzima, mwenye akili zake, na mimi mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka, tulikuwa tumesema moyoni maneno yaleyale hatua chache kutoka kwa baba. Nilikaa chini kabisa, kwenye vumbi.

"Na yeye?"

"Aliona moshi nyeusi ikitoka kwa mafiga. Oili ikiungua si unajua moshi yake? Nikamwendea hospitali nikamwambia ni mimi nilitoa. Akakataa." Mama akacheka kidogo, kwa pua. "Akaniuliza, ulitoa na mkono gani? Wewe ulikuwa umeshika sufuria na mikono yote mbili, niliona vidole vyako vimeungua. Halafu akasema, ati, huyo mtoto ako na jina ya mama yangu. Mimi siwezi weka mama yangu kwa midomo ya watu. Ni mimi nilisahau, na maneno iishe hapo."

"Mbona hamkuniambia? Miaka yote hii?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Nililia kama sikuwahi kulia msibani, na mama aliniacha nilie, akiendelea na maharagwe yake, kwa sababu huyo ndiye mama yangu. Baadaye nilimwuliza lile jiwe lilikwenda wapi.

Alielekeza kidevu ndani ya jikoni. "Si hiyo unapikia kila ukikuja."

Niliingia. Siku hizi chai huchemshwa kwa gesi, mafiga huwashwa githeri inapopikwa, na asubuhi ile yalikuwa baridi. Mawe matatu meusi. Nilijua ni lipi bila kuambiwa, kwa kimo chake. Nilikuwa nimelipulizia moto, nimeliwekea sufuria za Krismasi, nimelisogeza kwa mguu mara ngapi, wala sikulijua. Lilikuwa zito kuliko nilivyolikumbuka, au mikono ndiyo imezeeka. Nililibeba tumboni kama siku ile, masizi yakanichafua gauni.

Muriithi alikuwa bado amesimama kando ya gari na kiatu kimoja, hajui aombe msamaha kwa kosa gani. Binti yangu alikuwa ameshalishusha. Nilipita kati yao, nikaliweka jiwe mbele ya gurudumu la mbele, upande wa mteremko, nikalipiga kisigino mpaka likabana. Nikamtuma alete la pili, na magogo, na ubao, na gurudumu la akiba. Alileta vyote bila kuuliza, akaliinua gari upya. Alipomaliza, akainama ili aingie chini.

"Ngoja," nilimwambia. "Isukume kwanza, ukiwa umesimama."